Mfumo Unaobipiwa

"PHP itawazika nyote mliomo humu ndani, na tangazo la msiba nitaliandika mimi. Kwa PHP!"

Mwanvua Anselmi aliyasema hayo mchana kweupe, amesimama juu ya kiti cha plastiki katika ukumbi wa loji moja pale Mikumi, mkono mmoja umeshika maikrofoni aliyompokonya mshereheshaji, mkono wa pili umeshika sambusa. Sambusa inaonekana vizuri sana kwenye video. Nusu ya ukumbi ilirekodi, na kabla chai haijapoa video ilikuwa imefika Morogoro, imefika Dodoma, imefika hadi Gairo kwa shangazi yake, ambaye alimwandikia, "Mwanvu, poleni. Nani kafariki?"

Kwa faida ya shangazi: PHP si mtu. Ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, moja kati ya nyingi, tena ya siku nyingi kiasi kwamba kuna madevelopa wamezaliwa wakaikuta. Na kwa madevelopa lugha si chombo cha kazi tu kama nyundo au sufuria. Ni kabila, ni dhehebu, ni timu ya mpira. Mtu akikuuliza "unaandika kwa lugha gani?" hakuulizi, anakupima. Ukimjibu PHP, we mtazame nyusi. Zinapanda juu taratibu, zinakaa hukohuko, na kuanzia hapo anaongea na wewe polepole kama anaongea na mgonjwa.

Siku hiyo madevelopa wa mkoa walikuwa wamekutana Mikumi kuonyeshana kazi zao. Mwenye nyusi za kupanda juu kuliko wote alikuwa Mudathir, kijana wa Morogoro mjini, mtanashati, laptopu yake imebandikwa stika mpaka huwezi kujua ilinunuliwa ya rangi gani. Mudathir aliandika kwa Rust, lugha mpya inayopendwa na watu wanaojipenda, na aliisifia jinsi bwana harusi anavyomsifia mke kabla ya mahari kwisha. Ilipofika zamu ya Mwanvua, akaeleza mfumo wake. Wakulima wa vitunguu wa Lumuma wanatuma ujumbe kwenye namba yake ya Kilosa, mfumo unawajibu bei ya siku hiyo ya gunia pale Mikumi, kwenye soko la barabara kuu ambako malori husimama. Asiye na salio anabipu. Simu inaita mara moja, inakatwa, mfumo unaona namba na kumtumia bei.

Mudathir akanyoosha mkono kwa adabu zote. "Samahani dada yangu. Nimeelewa vizuri kweli? Kwa hiyo mfumo wako... unabipiwa?"

Ukumbi ukacheka.

"Unabipiwa," Mwanvua akasema.

"Na umeandikwa kwa nini?"

"PHP."

"Aaah." Nyusi. "Nilidhani hiyo tulishaizika."

Hapo ndipo ukumbi ulipoanguka kwa kicheko, na hapo ndipo Mwanvua alipopanda kiti.

Anayemfahamu hakushangaa. Mwanvua ni wa Kilosa, kule kwenye nyumba za karibu na stesheni. Babu mmoja aliletwa na mkonge, babu wa pili akaletwa na reli, wote wawili wakasahau kurudi kwao. Ndiyo maana jina lake la kwanza ni la msikitini na la pili la kanisani, na sikukuu zote anakula. Alisoma stashahada ya kompyuta Morogoro hadi katikati. Aliondoka siku ya mtihani, walipowapa karatasi na kuwaambia waandike programu kwa kalamu. Akaandika juu ya karatasi, "Kalamu haina kitufe cha kufuta," akaikabidhi, akapanda gari la Kilosa. Mama yake hakuongea naye kwa muda. Baba yake, Mzee Anselmi, alisema tu kwamba katika familia hii hakuna mtu aliyewahi kumaliza kitu isipokuwa chakula.

Na ni kweli, maana kozi ya udereva aliiacha kwenye somo la kurudi nyuma, kwaya aliiacha baada ya kushonewa sare, na sweta aliyokuwa akimfumia mtoto wa dada yake iliishia mkono mmoja, mtoto sasa yuko darasa la tatu. Kitu kimoja tu katika maisha yake Mwanvua alikianza, akakifikisha mwisho, na watu wakakitumia. Kitu hicho kilikuwa mfumo wa bei za vitunguu. Kwa hiyo Mudathir aliposema kimezikwa, hakugusa lugha ya kompyuta. Alimgusa yeye, palepale kwenye kidonda.

Mfumo wenyewe ulizaliwa kwa hasira za mama mmoja. Mama Marselina, mwenyekiti wa umoja wa wakulima wa vitunguu Lumuma, alifika siku moja kwenye chumba cha Mwanvua pale stesheni kuchapa barua, akawa anachapa kwa mdomo huku Mwanvua anachapa kwa vidole. Madalali wanapanda Lumuma, wanataja bei wanayoota usiku, na mkulima hana njia ya kujua Mikumi wananunua kwa ngapi. Akitahamaki gunia limeondoka, tena la lumbesa, lililojazwa mpaka likavaa kofia. Barua ilipokwisha Mwanvua akasema, "Mama, acha barua. Nitakutengenezea kitu." Akampata mpakia mizigo wa Mikumi wa kumtumia bei kila asubuhi, akachukua kitochi cha zamani, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi, akakifunga kwenye laptopu kwa waya na kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, akaandika programu yake kwa PHP, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo kichwani, kisha akawatangazia Lumuma kwamba watume neno BEI.

Lumuma hawakutuma neno. Lumuma walibipu.

Walibipu asubuhi, wakabipu jioni, wakabipu Jumapili baada ya ibada. Mwanvua alilaani kwanza. Halafu akaelewa. Nani ateketeze salio lake kuuliza habari ambayo pengine itamuudhi? Akaongeza kiraka, anayebipu ajibiwe. Meseji zinalipiwa na umoja, mkulima hachangii kitu zaidi ya kubonyeza na kukata. Baada ya hicho kikaja kiraka kingine, cha anayebipu kwa simu ya jirani, kingine cha mtandao unapokatika kwa mvua, kingine cha mzee mmoja anayebipu na kusahau kukata. Ukiifungua programu ile ndani ilikuwa kama suruali ya fundi gereji. Lakini ilivalika.

Basi sasa, baada ya ile video, habari zikawa mbili. Ya kwanza, umoja wa Lumuma ulitangaza mkutano, Mikumi, ukumbi uleule, kabla ya mavuno, kuamua kama utaendelea na mfumo wa Mwanvua au utachukua aplikesheni mpya ya Mudathir, yenye picha za rangi na ramani. Ya pili, kwenye kundi la Watsapu la madevelopa wa mkoa, mtu mmoja aliandika chini ya video, "Muacheni dada wa watu, ndiyo lugha pekee anayoiweza." Watu wakabandika vicheko. Mudathir hakubandika kicheko. Alibandika mikono iliyofumbatana, ya kumwombea. Hiyo ndiyo iliyomchoma.

"Anayoiweza!" Mwanvua alimwambia Koinet siku iliyofuata, huku akipigapiga meza. "Nitawaonyesha ninachokiweza. Nauandika upya mfumo mzima. Kwa Rust yao hiyohiyo!"

Koinet alikuwa mwana wa wafugaji wa upande wa Chanzuru, rika lake, aliyekuwa akiweka bei za mnada wa ng'ombe kwenye Excel, yale majedwali ya kompyuta ya mistari na vyumba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, fimbo ameegemeza mlangoni, anasubiri karatasi zake zichapwe.

"Ule wa zamani umeharibika?" akauliza.

"Haujaharibika."

"Wakulima wamelalamika?"

"Hawajalalamika."

"Basi unamwandikia nani?"

"We Moran, mambo ya lugha yanakuhusu nini? Wewe unatumia Excel. Excel si lugha. Excel ni daftari lenye vyumba."

Koinet akacheka. Alishazoea. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amemwomba Mwanvua kile kipande cha kubipu ili wafugaji nao wawe wanabipu na kupata bei ya mnadani, akajibiwa kwamba mfumo wa maana hauwezi kufungiwa nira moja na daftari. Mwanvua alimjibu hivyo polepole, kama anaongea na mgonjwa. Pale chumbani hapakuwa na kioo, kwa hiyo nyusi zake hakuziona.

Akajifungia. Akaisoma Rust, akaiandika, ikamkatalia, akaiandika tena. Ni lugha yenye maringo. Kabla haijakubali kufanya kazi inakukagua kama mama mkwe, inakwambia hiki umekiacha wazi, hiki umekiazima hujakirudisha. Mwanvua aliitukana kwa lugha zote za babu zake wawili. Lakini kila alipoisikiliza aliona ina haki, na katika wiki ya pili akaanza kuipenda, jambo ambalo asingelitamka hata kwa kushikiwa panga. Mfumo mpya ulikuwa unang'aa. Kila kitu mahali pake, hakuna kiraka hata kimoja.

Akafika kwenye sehemu ya kubipu.

Angeweza kuiandika. Hilo lieleweke. Si kwamba lugha ilishindwa au yeye alishindwa. Vidole vilikuwa tayari juu ya vitufe, ndipo akamsikia Mudathir, "Kwa hiyo mfumo wako... unabipiwa?" na ule ukumbi wote ukicheka, na mshereheshaji akicheka, na mama mmoja aliyekuwa akigawa sambusa ambaye hata hakujua wanacheka nini. Mfumo msafi hivi, mpya hivi, halafu ndani yake mtu anabipu? Vidole vikairuka sehemu hiyo. Anayetaka bei atume neno BEI, kama watu. Asiyetuma asijibiwe.

Kisha akafanya kile ambacho ni mtu wa kompyuta tu anayeweza kukifanya, tena akiwa na akili zake. Akawasha kamera ya simu, akaufuta mfumo wa zamani mbele yake. Akaufuta kwenye laptopu, akaufuta kwenye flashi ya akiba, akaitupia video kundini, pamoja na programu yake mpya ya Rust na maneno, "Nimeizika mwenyewe. Nani mwingine ana swali?"

Mudathir akajibu upesi. "Karibu mjini, dada."

Mwanvua alilala usingizi mtamu.

Lumuma nao wakabipu. Simu ikaita, wakakata, wakasubiri. Kimya. Wakabipu tena. Wengine wakahama kwenda kwenye kilima chenye mtandao, wakabipu wakiwa wamesimama juu ya jiwe. Kimya kikabaki kilekile. Na siku hizohizo madalali wakapanda na malori, kwa kuwa vitunguu vya kwanza vilikuwa vimeanza kung'olewa, na wakataja bei waliyoiota.

Mama Marselina alifika Kilosa kabla ya chai ya saa nne. Mwanvua alimwona mlangoni, akainuka haraka, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama."

Mama Marselina akavuta kiti, akaketi, akakunja khanga magotini. Hakuitika.

Mwanvua akadhani hakusikia. "Mama, shikamoo."

Mama alikuwa anakitazama kile kitochi chenye mpira wa baiskeli, hakuwa anamtazama yeye. Katika maisha yake yote Mwanvua alikuwa ametukanwa, amefukuzwa darasani, amechekwa na ukumbi mzima, lakini shikamoo yake haikuwahi kuachwa ikining'inia hewani namna ile. Akabaki amesimama.

"Tulidhani umekufa," Mama Marselina akasema mwishowe. "Tumebipu, kimya. Tumebipu, kimya. Mama Yusrah akasema tumchangie rambirambi. Kumbe uko hapa, una afya, umesuka na nywele."

"Mama, mfumo ni mpya. Sasa hivi mnatuma neno BEI, halafu..."

"Ule wa kubipu umekufa?"

"Haujafa. Nimeutoa."

"Kwa nini?"

Mwanvua akatafuta jibu la kitaalamu. Yapo mengi, na mengine yanatisha kweli ukiyatamka haraka. Safari hii hakupata hata moja la kumtazama nalo yule mama usoni.

"Watu wangu wameuza kwa bei ya dalali," Mama Marselina akasema. "Kwa lumbesa. Walikuwa na njia ya kujua, wakafungiwa, na aliyeifunga ni mtoto wetu. Sasa sikiliza. Mkutano ni Jumamosi. Ukija na hicho kipya chako kisichobipiwa, mkono wa kwanza kunyooka kumchagua yule kijana wa Morogoro utakuwa wangu. Yule hanijui, na hajifanyi ananijua."

Akasimama, akaaga mlango, akaondoka.

Mwanvua aligeukia laptopu kwa pupa ya kuurudisha mfumo wa zamani, na mikono ikamfia njiani. Alikuwa ameuzika, na ushahidi wa video upo. Kuandika vile viraka vyote upya kabla ya Jumamosi? Alikumbuka vichache tu. Vingine viliandikwa siku ya mvua, simu ya mzee fulani ikiwa sikioni, na akili iliyoviandika haikuacha anwani.

Akatoka nje kutafuta hewa, na njiani akasikia vijana wawili wafugaji wakibishana juu ya bei ya dume mnadani. Mmoja akasema, "Ngoja nibipu kwa Koinet." Akatoa kitochi, akabonyeza, akakata. Muda si muda simu yake ikalia ujumbe, akausoma, ubishi ukaisha.

Mwanvua alisimama kama aliyekanyaga umeme. Akapungia bodaboda.

Mnadani Koinet alikuwa amekaa chini ya kibanda cha bati, laptopu juu ya kreti ya soda, waya wa sola ukishuka kutoka juu, ng'ombe wakipiga kelele upande wa pili wa uzio. Pembeni ya laptopu palikuwa na kitochi kimefungwa kwa mpira. Kikaita mara moja, kikakatwa.

"Koinet. Umeniibia!"

"Karibu, dada Mwanvua. Kaa, hapo hakuna kinyesi."

"Umeingia kwenye laptopu yangu!"

"Ulikwenda kununua chipsi, ukaniachia nilinde ofisi. Nikalinda. Na flashi nilikuwa nayo." Akamtazama mikono. "Sasa umekuja kunikamata, au umekuja kuniomba?"

Mwanvua akaitazama ile laptopu juu ya kreti. "Unao wote? Na viraka?"

"Mpaka kile cha mzee asiyekata simu."

Kilichomtoka Mwanvua hakikuwa kicheko wala kilio. Akakaa kwenye kreti nyingine.

"Nitakupa," Koinet akasema. "Lakini kwanza sema, Excel ni lugha."

"Siwezi."

"Sema tu. Hakuna anayesikia, ni ng'ombe."

"Koinet, afadhali niingie humo ndani nimkamate yule dume kwa pembe."

"Mwenye madoa? Haya, kamkamate."

Wakatazamana. Dume mwenye madoa naye akawatazama. Koinet ndiye aliyeshindwa kwanza, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya lubega, shuka lake la begani.

"Basi usiseme," akasema. "Ila Jumamosi nenda kawaambie kila kitu kilichomo ndani ya mfumo wako, usifiche hata kimoja. Video ya pili ulizika usichokuwa na haki ya kukizika. Ya tatu useme kweli."

Akamgeuzia laptopu. Mwanvua akaona mfumo wake, uleule, matambara yake yote. Akaona pia kitu kigeni. Bei zilikuwa zinasomwa kutoka kwenye jedwali la Excel, mpakia mizigo anaweza kuzijaza mwenyewe bila kumpigia mtu, na anayebipu mfululizo kwa wasiwasi anajibiwa mara moja tu badala ya kula kifurushi chote cha meseji. Hilo la mwisho lilikuwa limemshinda yeye mwaka mzima. Nyusi zikaanza kupanda zenyewe. Akazishika kwa vidole, akazishusha.

"Hili la kubipu mfululizo," akasema, "umeliandika ovyo ovyo."

"Linafanya kazi?"

"Linafanya kazi. Hamisha."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kile kiti cha plastiki hakikuwepo. Kilivunjika mguu siku ile, na mwenye loji bado alikuwa akimtazama Mwanvua kwa jicho la kuulizia kiti. Mudathir alianza. Na tuseme haki yake, aliandaa. Aplikesheni ilitandazwa ukutani juu ya picha ya simba, bei zikipanda na kushuka kwa rangi, ramani ya Mikumi hadi Dar es Salaam, hata hali ya hewa ya Lumuma. Wenye malori waliokaa nyuma walipiga makofi ya kweli. Mwanvua mwenyewe alitamani kuishika.

"Mwanangu," Mama Marselina akasema, "kazi nzuri. Nikibipu je?"

"Mama, hii haihitaji kubipu. Unawasha data, unafungua, unaingiza namba ya siri, bei hii hapa."

"Kwa simu yangu hii?" Akainua kitochi.

"Kwa simu janja, mama. Siku hizi wengi wanazo."

"Wenye nazo tuwaone."

Ikanyooka mikono ya vijana kadhaa, na ya katekista. Mudathir akaihesabu mikono hiyo, akaketi. Hakuwa mjinga.

Zamu ya Mwanvua. Akaweka laptopu mezani, akaweka kitochi na mpira wake wa baiskeli, wazi, mbele ya watu. Madevelopa waliomsindikiza Mudathir wakainua simu kurekodi.

"Rekodini vizuri," akasema. "Huu ni mfumo wangu. Umeandikwa kwa PHP. Bei zinakaa kwenye Excel, na hiyo sehemu ameitengeneza Koinet yule pale mwenye lubega, vizuri kuliko ningeitengeneza mimi. Kinachoshika simu ni kitochi, kinachoshika kitochi ni mpira wa baiskeli. Niliuandika upya kwa Rust, ukapendeza, nikawaletea watu wa Lumuma kitu kizuri kisichowasikia, na wameuza kwa hasara kwa sababu mimi niliogopa kuchekwa na hawa hapa. Sasa hivi siogopi. Mfumo huu unabipiwa! Unabipiwa asubuhi, unabipiwa jioni, na atakayeona aibu aone yake. Chekeni basi. Si mlicheka?"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa Lumuma alipiga kigelegele, akaona yuko peke yake, akaongeza cha pili.

Mama Marselina akatoa kitochi chake, akabonyeza, akaweka sikioni. Pale mezani simu ya mpira ikaita. Akakata. Ukumbi wote ukawa unamtazama yeye na funguo alizoning'iniza shingoni, hata mwenye loji alisahau kiti. Kitochi kikalia mkononi mwake. Akausoma ujumbe kwa midomo, bila sauti, akainamisha simu ili jirani naye asome. Kisha akainua kichwa.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Mwanvua alitazama pembeni, akajifanya anakaza mpira.

Mikono ikanyooka. Umoja wa Lumuma ukabaki na mfumo wake, na wenye malori wakasema wao wataichukua ya Mudathir, kwa kuwa wanazo simu janja na wanapenda ramani. Koinet akanyoosha mkono mara mbili, akaambiwa yeye si mkulima, akasema alikuwa anajikuna.

Watu walipotoka kwenda kula, Mudathir alikuja mezani, begi begani. "Hongera, dada. Lakini bado ni PHP."

"Na bado ipo hai."

"Na laptopu hiyo ikizima je? Hilo ni swali la kweli."

"Itakuwa imezima. Nitaiwasha."

"Ile ya Rust uliyoandika, niliiona kundini." Akarekebisha mkanda wa begi. "Ilikuwa safi."

"Najua," Mwanvua akasema. "Nilikwambia siiwezi?"

Mudathir akatikisa kichwa, akatoka. Mwanvua akaanza kukunja waya. Koinet akasimama mlangoni akimwonyesha kwa ishara kwamba wali unaisha. Ndipo kitochi cha mezani kilipoita mara moja, kikakatwa. Akainama kutazama. Jina lilisomeka wazi kwenye kioo: Mudathir Moro. Nje ya dirisha, kwenye kivuli cha gari lake, Mudathir alikuwa amesimama na simu janja yake mkononi, anatazama barabara kama mtu asiyesubiri kitu.

Mwanvua hakugusa chochote. Mfumo ukamjibu wenyewe, kama unavyomjibu mtu yeyote.

Kitunguu chekundu, Mikumi, gunia lisilo lumbesa: shilingi elfu tisini na tano.